Kuishi Unguja au Pemba huku mwajiri yuko nje: viza, vibali na kodi

Mhasibu wa Nairobi, mtafsiri wa Kampala, fundi wa programu kutoka Bujumbura, mtoto wa Mzanzibari aliyezaliwa Muscat na leo ana paspoti ya Oman: kila mmoja anaweza kupanga chumba Jambiani na kazi yake ikafika kwa bosi kabla bosi hajamaliza chai ya asubuhi. Intaneti haiulizi uko wapi. Uhamiaji huuliza, Kamisheni ya Kazi huuliza, na mwaka ukiishia Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) nayo huuliza. Mwongozo huu ni wa asiye raia wa Tanzania anayefanya kazi kwa mtandao na anataka kuishi Zanzibar kwa wiki kadhaa au kwa miaka. Mwenye nyumba wa Paje au Fumba naye utamfaa, maana mpangaji akikwama, wa kwanza kugongewa mlango ni yeye.

Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, ilitungwa mwaka 1995. Vibali vyake vya ukaazi vina madaraja matatu, A, B na C, na hakuna daraja lililoandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi hapa akimtumikia mwajiri wa nchi nyingine kwa kompyuta. Nchi nyingine zimeshamfungulia mtu huyu mlango wake: Mauritius tangu 2020, Namibia 2022, na Kenya ilitangaza kibali chake 2024. Hapa inabidi upite katika milango iliyokuwepo kabla yako. Kutotajwa na sheria usikuchukulie kuwa ni kuruhusiwa.

Kwanza: jua nani ana mamlaka juu ya nini

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, hata wale walioishi Dar miaka mingi. Uhamiaji ni jambo la Muungano. Viza uliyogongewa Namanga inakufikisha mpaka Nungwi, na kibali cha ukaazi ni cha Jamhuri ya Muungano. Kazi na ajira si jambo la Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Namba 11 ya 2005, na kibali cha kazi kwa mgeni hutolewa na Kamisheni ya Kazi ya Serikali ya Mapinduzi. Sheria ya Bara ya 2015 inayosimamia ajira za wageni haivuki bahari.

Kwa hiyo Mkenya mwenye kibali cha kazi cha Arusha, akihamishiwa na mwajiri wake kwenye mradi wa Fumba, anaanza upya kwa upande wa kazi. Akikamatwa na kibali cha Bara mkononi atasema "lakini mimi ninacho kibali", na kweli anacho, ila si cha hapa. Ada aliyolipa Bara hairudi wala haihesabiwi Unguja.

Pili: jibu maswali manne kabla ya kufikiria viza

Nani anakulipa? Pesa zinaingia wapi? Kazi yako inamhudumia nani? Na utakaa siku ngapi? Majibu yake ndiyo yanayokupangia njia, kuliko cheo chako au uzuri wa laptopu yako.

Mwajiri yuko nje, mshahara unaingia benki ya nje, wateja wote wako nje, na unakaa chini ya siku 90: hali yako ni nyepesi kuliko zote. Unaingia kama mgeni, na unabaki mgeni.

Mwajiri yuko nje lakini amekutuma ukutane na wateja wa Zanzibar, ufunge mfumo wa hoteli au ufundishe wafanyakazi wa mtu: hiyo tayari ni kazi inayofanyika hapa kwa ajili ya watu wa hapa. Viza ya kawaida haikutoshi.

Unalipwa na mtu wa hapa, hata kidogo, hata kwa kitanda na chakula: hiyo ni ajira. Ufukwe wa Paje una vijana wengi wa nje wanaofundisha kaiti (kuteleza majini kwa tiara) asubuhi na "kusaidia" mapokezi ya hosteli jioni wakilipwa kwa malazi. Wanadhani madhali hakuna pesa hakuna kazi. Afisa wa kazi haangalii noti. Anaangalia kama kuna mtu anayekupangia zamu na kama kazi hiyo angeweza kuifanya Mzanzibari. Kufundisha yoga, kupiga picha za harusi kwa malipo, kupiga muziki kwenye baa ya ufukweni, vyote viko humo.

Unajiajiri, wateja wako nje, lakini unataka kuishi hapa mwaka au zaidi: hii ndiyo hali ngumu, na tutakaa nayo zaidi huko chini.

Tatu: viza, na bei zake

Viza ya kawaida ya kuingia mara moja ni dola 50 na inakupa hadi siku 90. Viza ya kuingia mara nyingi ni dola 100, hudumu miezi 12, lakini kila ukiingia hupewi zaidi ya siku 90. Watu huiona "miezi 12" wakaishi mwaka mzima bila kutoka, halafu wanashangaa kwenye kaunta ya kuondokea. Raia wa Marekani wanatozwa hiyo ya dola 100. Viza ya biashara ni dola 250, nayo haizidi miezi mitatu. Hiyo ndiyo ya yule fundi wa mfumo wa hoteli tuliyemtaja, mtu mwenye shughuli maalumu ya muda mfupi.

Mkenya, Mganda na Mnyarwanda hawahitaji viza. Kanuni za Soko la Pamoja la Afrika Mashariki zinaruhusu raia wa nchi mwanachama apewe pasi ya kukaa hadi miezi sita. Neno la kushika hapo ni "hadi". Afisa anaweza kukuandikia pungufu, na kilichoandikwa kwenye paspoti ndicho chako. Kanuni haitasimama kaunta kukutetea. Na uanachama wa Jumuiya haufuti viza wenyewe kwa wenyewe: Kongo iliingia 2022 na Somalia 2024, kwa hiyo soma orodha ya Uhamiaji kabla hujakata tiketi. Kuna mataifa ambayo raia wake hawapewi viza uwanjani hata kidogo. Lazima idhini ya Kamishna Jenerali wa Uhamiaji itangulie.

Ombi la mtandaoni linafanywa visa.immigration.go.tz. Angalia mwisho wa anwani: go.tz. Kuna kurasa za kuiga zenye nembo nzuri kuliko ya serikali, zinazokutoza dola 90 kwa viza ya 50, na nyingine hazileti chochote. Weka tayari picha ya paspoti yenye mandhari meupe, ukurasa wa taarifa zako uliopigwa picha bila mwanga kuakisi, tiketi ya kurudi na anwani ya utakapofikia. Paspoti iwe na angalau miezi sita ya uhai na kurasa tupu. Andika jina kama lilivyo kwenye paspoti, herufi kwa herufi. Aliyeandikwa "Mohammed" kwenye paspoti akajaza "Mohamed" huchelewa bila sababu ya maana. Omba wiki tatu kabla ya safari. Ada hairudishwi ukikataliwa.

Unaweza pia kulipia viza ukishafika Uwanja wa Abeid Amani Karume. Ukilipa taslimu, noti za dola ziwe mpya na safi, kwa sababu za toleo la zamani na zilizochanika hukataliwa.

Kwenye fomu, sehemu ya madhumuni ya safari, usiandike uongo. Aliyekuja kupumzika na kutembea huku akiendelea na kazi yake ya Nairobi kwa mtandao amekuja kutembea, na akiulizwa aseme hivyo hivyo. Kinachowaponza watu ni kuandika "utalii" kisha kukutwa na mkataba wa kampuni ya Unguja ndani ya begi.

Nne: bima ya dola 44

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar bila kuwa mkaazi anatakiwa awe na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar (ZIC). Mtu mzima dola 44, mtoto nusu yake, na inadumu siku 92. Inanunuliwa visitzanzibar.go.tz kabla ya safari. Bima uliyonayo kutoka kwenu, iwe kubwa vipi, haichukui nafasi yake. Anayepanga kutoka na kurudi aiweke hii kwenye hesabu zake.

Jambo la afya halijaishia hapo. Anayetoka nchi yenye homa ya manjano, na Kenya, Uganda na Kongo zimo, aje na kadi ya manjano. Chanjo ichomwe angalau siku kumi kabla ya safari.

Tano: kaunta ya kuingilia

Fika na karatasi, usitegemee simu yenye chaji asilimia nne. Beba nakala ya viza, bima, tiketi ya kurudi, anwani ya malazi, na kama una mwajiri, barua yake. Barua nzuri ni fupi, na inasema mambo haya tu:

"Ndugu fulani ni mwajiriwa wetu tangu mwaka fulani. Mshahara wake unalipwa Nairobi, kwa shilingi za Kenya. Kati ya tarehe 5 Januari na 4 Aprili atakuwa Zanzibar kwa mapumziko, na ataendelea na majukumu yake kwa mtandao. Kampuni haina afisi wala mteja Tanzania, naye hana mamlaka ya kusaini mkataba kwa niaba yetu akiwa huko."

Sentensi ya mwisho inaonekana ya ziada lakini ndiyo yenye thamani. Mfanyakazi anayeketi Unguja na kuisainia mikataba kampuni ya nje anaweza kuifanya kampuni hiyo ionekane ina kituo cha biashara Tanzania, na hapo kampuni yenyewe, si yeye tu, inaingia kwenye kodi. Mabosi wengi hawalijui hili mpaka mhasibu wao awashtue.

Afisa akiuliza "Umekuja kufanya nini, kaka?" jibu la wazi linatosha: "Nimekuja kukaa miezi miwili na nusu, Jambiani. Kazi yangu iko Nairobi, naifanya kwa mtandao. Barua ya mwajiri hii hapa." Usianze kumfundisha sheria.

Kabla hujaondoka kaunta, fungua paspoti usome muhuri. Hesabu siku, usihesabu miezi. Aliyeingia 5 Januari 2026 akapewa siku 90, siku ya kuingia ikihesabiwa, ana siku 27 za Januari, 28 za Februari, 31 za Machi, jumla 86. Siku ya 90 ni tarehe 4 Aprili. Anayesema "miezi mitatu" atapanga ndege ya tarehe 5, na huo ni ukaaji uliopitiliza. Kama afisa ameandika tarehe kamili ya mwisho, hiyo ndiyo inayoshinda hesabu zako zote. Muhuri ukiwa hausomeki, rudi pale pale uombe ugongwe vizuri. Ukisharudi nyumbani umekuwa tatizo lako.

Anayekuja kwa boti kutoka Dar atakaguliwa tena bandari ya Malindi. Hiyo haikuanzishii siku 90 mpya.

Sita: siku 90 zinakaribia kwisha

Anza kushughulika ukiwa na wiki tatu mkononi. Afisi Kuu ya Uhamiaji Zanzibar iko Kilimani. Pemba kuna afisi za mikoa, Kusini na Kaskazini. Hudhuria mapema: saa za serikali ni saa 1:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri, Ijumaa baada ya sala usitarajie mengi, na mwezi wa Ramadhani saa hupunguzwa. Januari 12, Aprili 7 na Aprili 26 ni sikukuu. Kipindi cha Idi ongeza siku kadhaa juu yake.

Wapo wanaokwenda Mombasa wikiendi na kurudi. Mara ya kwanza hupita. Mara ya tatu afisa anafungua paspoti, anaona mihuri iliyopangana kama shanga, na anauliza swali ambalo tiketi ya kurudi hailijibu: unaishi wapi hasa? Ana haki ya kukupa siku chache au kukurudisha. Aliyepitiliza hukabiliwa na faini, kuondoshwa nchini, na akizidisha, kuandikwa kwenye orodha ya wasiotakiwa kuingia. Hiyo ya mwisho haifutiki kwa kubadilisha viza.

Anayetaka kukaa kweli achague mlango.

Saba: milango ya kukaa zaidi

Daraja A ni la mwekezaji na mtu aliyejiajiri kwa biashara yake hapa. Kwa anayejiajiri mtandaoni, njia hii ina maana ya kuwa na kampuni ya kweli Zanzibar: unasajili Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali (BPRA), unachukua namba ya mlipakodi, leseni ya biashara, na kama ni uwekezaji unapitia mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar (ZIPA) chini ya Sheria ya Uwekezaji Namba 10 ya 2023. Ni njia halali kabisa na ni ghali. Usiisajili kampuni kwa ajili ya kibali tu: kampuni isiyo na shughuli bado inadaiwa ritani (taarifa za kila mwaka), na wakati wa kuhuisha kibali watataka kuona hesabu. Kwa anayeingiza dola elfu moja kwa mwezi, ushauri wetu ni asiiguse.

Daraja B ni la mwajiriwa, na mpangilio wake haugeuzwi: kibali cha kazi kwanza, cha ukaazi baadaye. Mwajiri wa Zanzibar ndiye anayeomba Kamisheni ya Kazi. Wewe huombi mwenyewe. Huwa wanataka barua ya mwajiri inayoeleza kwa nini nafasi hiyo haikupata Mzanzibari, mkataba wa ajira, wasifu, vyeti vya masomo, nakala ya paspoti, picha, na cheti cha tabia njema kutoka nchini kwako. Mkenya aombe cheti hicho DCI, idara ya upelelezi ya kwao, kupitia eCitizen kabla hajasafiri, kwa sababu alama za vidole ukiwa Unguja ni safari nyingine. Vyeti vya Kifaransa au Kiarabu vije na tafsiri ya mtafsiri anayetambulika. Kosa la mara kwa mara ni cheo: mkataba unasema "meneja wa masoko", fomu inasema "mshauri", cheti ni cha uhasibu. Ombi linarudi. Vyote vitatu viseme jambo moja.

Kibali cha kazi kikitoka ndipo unaomba Daraja B Uhamiaji. Kwa kawaida hutolewa kwa miaka miwili. Kibali kimefungwa na mwajiri yule na kazi ile. Ukihamia kwa mwingine, hata jirani mlango wa pili, unaomba upya. Ukisubiri kibali na siku zako za ugeni zinakwisha, ulizia Pasi Maalumu, ruhusa ya kukaa kwa muda, mapema. Risiti ya ombi peke yake si ruhusa ya kukaa.

Je, kampuni ya nje inaweza kukutafutia kampuni ya hapa ikuajiri kwa niaba yake? Inaweza, na ni njia safi kwa kampuni kubwa, madhali huyo wa hapa ni mwajiri wa kweli anayekata kodi na kuchangia ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, na si jina la kuazima. Jina la kuazima likikaguliwa mnaanguka wote wawili.

Daraja C ni la wengine: wanafunzi, watafiti, wanaojitolea, wastaafu. Anayetaka kweli kujifunza Kiswahili, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) hufundisha wageni, na mwanafunzi halisi anapata kibali cha mwanafunzi. Lakini kibali hicho kinakuruhusu kusoma. Usikitumie kama mwavuli wa kazi.

Mwenza na watoto wa mwenye kibali wana pasi ya tegemezi. Haimruhusu mwenye nayo kufanya kazi. Mke wa mkurugenzi anayefundisha skuli binafsi kwa pasi hii anahitaji kibali chake mwenyewe.

Kuna mlango wa nyumba. Ardhi ya Zanzibar haiuzwi kwa mgeni, ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais, lakini Sheria ya Kondominio ya 2010 imemwezesha mgeni kumiliki fleti kwa hati ya muda mrefu. Anayenunua ya dola 100,000 au zaidi kwenye mradi uliokubaliwa na ZIPA anaweza kuomba kibali cha ukaazi pamoja na familia yake. Hapa madalali huongeza neno moja ambalo halimo: "na kufanya kazi". Ukaazi huo hauleti kibali cha kazi. Kabla ya kulipa hata arubuni, nenda ZIPA ukaulize jina la mradi.

Mwenye asili ya Tanzania aliyechukua uraia wa nje afuatilie hadhi maalumu iliyoingizwa kwenye Sheria ya Uhamiaji kwa marekebisho ya 2025. Kwa Wazanzibari wengi walioko Oman na Uingereza huenda ikawa mlango bora kuliko yote iliyotajwa hapo juu. Tayarisha ushahidi wa asili: cheti cha kuzaliwa chako, cha mzazi, hata cha babu.

Nane: kodi, ambayo watu huikumbuka mwisho

Kodi ya mapato ni ya Muungano, inakusanywa na TRA hata Unguja. ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar iliyokuwa ikiitwa ZRB, inashika kodi za Zanzibar kama VAT. Usimpelekee mmoja swali la mwingine.

Mtu anahesabika mkaazi wa kodi akiwa na makazi ya kudumu hapa na akawepo sehemu yoyote ya mwaka. Au akikaa siku 183 na zaidi ndani ya mwaka wa Januari hadi Desemba. Au akiwepo mwaka huu na miaka miwili iliyotangulia kwa wastani unaozidi siku 122 kila mwaka. Yule wetu wa 5 Januari, akikaa mfululizo, siku ya 183 inamkuta tarehe 6 Julai. Na mzungu wa kaskazi anayekuja siku 125 kila mwaka kukimbia baridi hafikii 183 hata mara moja, lakini mwaka wa tatu ameshakuwa mkaazi wa kodi bila kujua.

Aliyekuwa mkaazi kwa jumla ya miaka miwili au pungufu katika maisha yake anatozwa kwa mapato yenye chanzo Tanzania tu. Watu husikia hivyo wakapumua: "mshahara wangu ni wa London, basi nimepona." Hapana. Malipo ya kazi iliyofanyika ndani ya Jamhuri ya Muungano yana chanzo hapa, popote yanapolipwa. Kinachotazamwa ni mahali ulipokaa ukifanya kazi. Kwa hiyo anayevuka miezi michache akaonane na TRA au mshauri wa kodi aliyesajiliwa, na aulize pia kuhusu mikataba ya kuzuia kutozwa kodi mara mbili. Tanzania inayo na nchi tisa, zikiwemo India, Italia, Sweden, Afrika Kusini na Zambia. Uingereza na Marekani hazimo.

Tisa: nyumba, sheha, laini na umeme

Ukishapanga nyumba, mwenye nyumba akupeleke kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, siku chache za mwanzo. Sheha ndiye anayejua nani analala wapi katika shehia yake, na barua yake huombwa kwenye mambo mengi utakayofuatilia baadaye. Nenda na nakala ya paspoti na mkataba wa pango, vaa kwa heshima, salimia kabla ya kueleza shida. Mgeni ambaye sheha amemwona kwa macho hulala vizuri zaidi kuliko yule ambaye sheha amemsikia kwa majirani.

Mkataba wa pango uandikwe kwa shilingi. Kanuni za Benki Kuu za Machi 2025 zinakataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani. Mwenye nyumba akisema "dola 400", muombe aandike shilingi, kwa ajili yake na kwa ajili yako.

Laini ya simu inasajiliwa kwa paspoti na alama za vidole, dukani kwa mtoa huduma, si kwa kijana wa barabarani mwenye laini zilizokwisha sajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Kama kazi yako inatumia VPN ya kampuni, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania (TCRA) ilitangaza Oktoba 2023 kwamba watumiaji wa VPN wajisajili kwake. Mwambie mtu wa teknolojia wa kampuni ajaze fomu hiyo kabla hujapanda ndege. Vifaa vya kurushia mawasiliano, mbali na simu na ruta ya kawaida, viulizie TCRA kabla ya kuvibeba.

Umeme wa ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, ni wa Tukuza, unalipia kabla. Unguja inapokea umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Bara, Pemba kutoka upande wa Tanga. Waya wa Unguja ulipoharibika mwisho wa 2009, kisiwa kilikaa gizani karibu miezi mitatu. Mpya umewekwa tangu wakati huo, lakini kukatika kwa saa chache bado kupo. Nunua betri ya kushikilia ruta, uwe na laini za kampuni mbili tofauti, na kabla ya kusaini mkataba wa pango kaa ndani ya chumba chenyewe saa mbili usiku, wakati wote wako mtandaoni, upige simu ya video ya nusu saa. Kipimo cha saa nne asubuhi hakikuambii kitu.

Pemba inataka uangalifu zaidi kwenye hili. Chake Chake na Wete zinafanyika kazi. Ukisogea fukwe za kaskazini kuna vijiji ambavyo minazi ni mingi kuliko minara. Nyaraka nyingi za vibali utazimalizia Unguja, basi weka nauli ya boti au ndege kwenye bajeti.

Kumi: malipo, vishoka na kuondoka

Ada ya serikali hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo, benki au kwa simu, na risiti inatoka yenye jina lako. Kishoka anayesubiri nje ya geti na kusema "nipe mimi, ndani nina mtu" hana namba hiyo. Wakala halali anakupa namba ukalipe mwenyewe, kisha anadai ujira wake pembeni. Kibali kikitoka, kihakiki kwa afisi iliyokitoa, kwa sababu vibali bandia vipo na anayekamatwa navyo ni aliyevishika, si aliyeviuza.

Ukiondoka moja kwa moja, mwajiri wa hapa arudishe kibali cha kazi, nawe ujulishe Uhamiaji kuhusu kile cha ukaazi. Funga hesabu zako TRA uchukue maandishi. Kampuni uliyoisajili BPRA ifute rasmi, la sivyo ritani zitaendelea kudaiwa ukiwa Kigali. Laini ya simu iliyosajiliwa kwa paspoti yako usimwachie mwenye nyumba kama zawadi, ifute dukani. Na uwanjani, kabla hujaingia chumba cha kusubiri, fungua paspoti tena uangalie kwamba muhuri wa kutoka umegongwa, una tarehe ya leo, na unasomeka.